Kijana tunayemwita Themostati

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, katibu wa chama kidogo cha wafugaji wa wanyama watambaao: nyoka, mijusi, kobe, na mwanachama mmoja mwenye kinyonga. Tuko ishirini na wachache. Tunakutana mara moja kwa mwezi, tunaonyeshana wanyama, tunapeana mayai na vifaa, tunaambizana ni daktari gani wa mifugo anayeweza kumshika nyoka bila mikono kutetemeka, maana hao ni adimu. Mwenyewe nafuga chatu 14, wale wadogo wa Afrika Magharibi wanaojiviringa kama mpira wakiogopa. Nakueleza haya ujue siandiki kama mtu wa nje.

Mwaka jana alijiunga kijana wa miaka 19. Siku ya kwanza alisimama akataja jina lake, akasema ana usonji, akasema anafuga geko sita wa aina ile yenye madoa ya chui, akaketi. Sentensi tatu. Tulimpenda. Baadaye tukagundua kwamba sentensi tatu ni za habari zake yeye. Habari za mijusi wake hazina kikomo.

Nikupe mfano. Mama mmoja alimuuliza, kwa adabu tu, "Mayai yako yanaendeleaje?" Jibu lilichukua dakika arobaini. Alianzia mwaka 1966, Dakar, ambako mtafiti aitwaye Madeleine Charnier aliandika kwamba kwa mijusi aina ya agama joto la mayai lina mkono katika kuamua kama atatoka dume au jike. Akaja kwa geko wake mwenyewe: mayai yakikaa kwenye nyuzi 26 hutoka karibu majike watupu, kwenye nyuzi 32 na kitu madume huwa wengi, ukipandisha zaidi majike wanarudi. Akachora mchoro nyuma ya daftari langu la kumbukumbu za kikao. Yule mama alikuwa na mkoba begani tayari. Alitazama saa, akapiga miayo, akasema "haya basi", baadaye akasema tena "haya basi". Kijana akadhani anaambiwa aendelee.

Akiona kizimba chochote, maswali ni yale yale: upande wa joto uko nyuzi ngapi, umepima kwa kifaa gani, themostati, yaani kidhibiti cha joto, umeiweka kwenye ngapi. Ndipo watu wakamwita Themostati. Akiitwa huitika.

Sasa kisa chenyewe. Miezi miwili iliyopita mmoja wa wazee waanzilishi, mtu aliyefuga zaidi ya miaka 25 na aliyetufundisha wengi wetu, alikuja na mjusi wake wa Australia, yule mwenye miiba kidevuni kama ndevu. Kila mtu akamshika, picha zikapigwa. Kijana akamsogelea, akamwangalia kwa muda, akasema kwa sauti ile ile anayosomea kipimajoto: "Huyu ana ugonjwa wa mifupa. Taya limelainika. Vidole vinatetemeka. Taa yako ya UVB ina muda gani?" Mzee akajibu kwamba taa inawaka vizuri. Kijana akasema kuwaka si hoja, kwani taa hizo huendelea kutoa mwanga wa macho hata miale ya UVB, ile isiyoonekana kama iliyomo kwenye jua, inapokuwa imepungua, na wafugaji wengi huzibadilisha kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Akamalizia: "Kwa hiyo umekuwa ukimuua polepole bila kujua." Ukumbi ukawa kimya.

Usiku huo akatutumia wanachama wote ujumbe wa urefu wa kurasa nne. Ulikuwa na picha za taya la yule mjusi zilizokuzwa, na maelezo ya jinsi ngozi isipopata UVB inavyoshindwa kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalisiamu ya chakula haifyonzwi sawasawa, hivyo mwili unakwenda kuichota kwenye mifupa yake wenyewe. Sikuona neno moja la uongo. Na kila neno liliongeza moto.

Mwenyekiti alimwita pembeni akamwambia, "Mwanangu, penye kuku wengi hapamwagwi mtama." Kijana akajibu: "Methali naijua. Naomba uniambie mtama ni upi. Ni kusema kwamba anaumwa, ni kusema mbele ya watu, au ni ule ujumbe?" Mwenyekiti aliona amedharauliwa. Wiki tatu kutoka leo kikao kitapokea hoja ya kumwondoa chamani, na mimi ndiye wa kuiandika.

Kuna mawili yananikosesha usingizi. Yule mzee alimpeleka mjusi kwa daktari, akapigwa eksirei. Ni ugonjwa wa mifupa kweli, na sasa anatibiwa. Aliniambia mimi peke yangu na akaniomba nisiseme.

La pili naliandika kwa shida. Nilianza kusoma kuhusu usonji ili nimwelewe kijana, nikajikuta nasoma habari zangu. Tangu nina miaka tisa nimependa nyoka kwa namna ambayo sijamwona mtu mwingine akipenda kitu. Nina daftari lenye kila mlo wa kila chatu niliyewahi kumfuga, kila siku aliyojivua gamba, kila gramu. Nikitoka kazini nimechoshwa na watu, lazima nikae kwanza dakika ishirini kwenye chumba cha nyoka, taa kubwa imezimwa, ndipo niweze kuongea na mume wangu. Yeye husema nikianza habari za rangi za chatu na namna zinavyorithiwa nakuwa mtu mwingine. Tofauti yangu na kijana ni kwamba mimi nilijifunza kunyamaza, na nilijifunza kwa kuchekwa. Sasa nakaribia kuandika hoja ya kumfukuza mtu kwa jambo ambalo mimi hulikwepa kwa jasho kila siku.

Wiki hizi hata mambo yangu yamelegea. Chatu wangu mmoja hajala wiki ya tisa sasa na sijaandika chochote daftarini, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nifanye nini?

Katibu mwenye daftari


JIBU

Marahaba, binti yangu.

Nikiri mapema: nyoka mimi siwapendi. Barua yako nilianza kuisoma miguu nimeikunja juu ya kiti. Nilipofika kwenye methali ya mwenyekiti wenu nilikuwa nimeishusha.

Hapo ndipo nitakapoanzia. Kijana aliulizwa kwa fumbo, naye akaomba tafsiri. Hakukataa kosa wala hakubisha. Aliweka mezani mambo matatu aliyoyafanya, akauliza ni lipi kati ya hayo lililowaumiza. Nimesoma barua za migogoro kwa miaka mingi, binti yangu, na ni mara chache sana nimekuta mkosaji anauliza swali safi kama hilo. Mtu angemjibu, kisa kingeisha jioni ile ile. Badala yake swali likageuzwa kosa la nne.

Nyoka wenu mnawapimia joto kwa nyuzi na nukta, mnajua upande wa joto uwe ngapi na wa baridi ngapi. Mwenzenu mnampimia kwa kutazama saa na kupiga miayo.

Sitaki uchukulie kwamba namtetea kila alichofanya. Tumjibu basi lile swali lake, kwa kuwa hakuna aliyemjibu. Kusema kwamba mnyama anaumwa: si kosa, ni wajibu, na kwa chama cha wafugaji ndiyo kazi yenyewe. Kusema mbele ya watu: ni kosa dogo, na ninyi mna sehemu yenu katika hilo, nitafika. "Umekuwa ukimuua polepole": hapo alikosea kweli. Alitoka kwenye taya la mjusi akaingia kwenye dhamiri ya mzee, na huko hakuwa na kipimo. Mzee alimpenda mnyama wake na akadanganywa na taa inayowaka. Maneno hayo yanadai samahani, na nadhani kijana ataitoa bila shida akiambiwa ni maneno yapi. Na ujumbe wa usiku kwa watu wote, wenye picha za mnyama wa mtu bila idhini yake: kosa, na hilo ndilo kubwa kuliko yote. Lakini niambie wewe katibu: katika kanuni zenu za chama, ni ukurasa gani unaosema mwanachama akiona mnyama wa mwenzake mgonjwa afanye nini? Kama ningekuwa mtu wa kuweka dau, ningesema ukurasa huo haupo.

Basi uandike. Ndiyo hoja unayopaswa kupeleka kikaoni badala ya ile nyingine. Iwe fupi: ukiona dalili za ugonjwa kwa mnyama wa mwenzako, mwambie yeye mwenyewe faragha siku hiyo hiyo, asiposikia, mwambie mtu fulani mliyemteua, picha ya mnyama wa mtu haisambazwi bila ruhusa yake. Utaona kwamba itamfaa pia yule mama mwenye mkoba, na mgeni atakayejiunga mwezi ujao, na mwenyekiti. Kanuni inayosemwa wazi haimdhuru anayeielewa tayari.

Kuhusu dakika arobaini za mayai. Mtu akimtaka kijana anyamaze, na aseme: "Nimefurahi, lakini nina dakika tano tu, kisha naondoka." Wengi wetu tunaona huo ni ukali. Kwa mtu kama yeye huenda ndiyo heshima yenyewe, maana umempa kitu anachoweza kukishika. "Haya basi" ni neno la ajabu ukilifikiria: kwa sauti moja lina maana ya endelea, kwa sauti nyingine lina maana ya koma. Nimewahi kulitumia kumkaribisha mgeni na kumtoa mgeni yule yule.

Sasa nije kwenye kupenda kwenyewe, kwa kuwa naona hata wewe umeandika kana kwamba kupenda huko ni ugonjwa.

Katika mwongozo wa uchunguzi unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, upendo wa aina hii umo kwenye orodha ya dalili za usonji, na umeelezwa kwa maneno ya daktari: mambo machache yanayoshikiliwa kwa nguvu isiyo ya kawaida. Haya, kwa mtu aliyesimama nje akitazama ndivyo unavyoonekana. Mwaka 2005 watu watatu, Dinah Murray, Mike Lesser na Wenn Lawson, wakaandika juu ya jambo hilo hilo kwa kuangalia umakini wa mtu unavyofanya kazi. Lawson mwenyewe ana usonji. Hoja yao, kwa lugha yangu, ni hii: umakini wa kila mtu una kiasi. Kuna anayeusambaza kama taa ya chumbani, mwanga kidogo kila pembe. Kuna mwingine ambaye wote unamiminika mahali pamoja kama tochi. Penye tochi anaona nywele na vumbi na nyufa. Pasipo na tochi ni giza. Kumkatiza ghafla si kama kumwomba ageuze kichwa. Ni kumzimia taa.

Ukiishika picha hiyo, mengi ya kijana wako yanaeleweka. Aliona vidole vinavyotetemeka kwa sababu tochi ilikuwa kwenye vidole. Uso wa mzee ulikuwa gizani. Na ukimya wa ukumbi huenda aliusikia kama watu wanaosikiliza.

Kwa nini watambaazi? Kabla ya kukujibu nilikaa na wafugaji wawili ninaowafahamu, mmoja ana usonji, mwingine hana (na walibishana juu ya taa mpaka chai ikapoa). Yule mwenye usonji alisema jambo ambalo bado nalifikiria. Alisema mbwa anamtaka mtu ajibu kila dakika: mtazame, msifu, jua kama amenuna. Mjusi hakutaki hivyo. Mahitaji yake ni makali kuliko ya mbwa, lakini yote yanapimika. Joto, unyevu, saa za mwanga, gramu, siku. Ukikosea, kosa lina sababu, na sababu inatafutika. Kwa mtu ambaye siku nzima amekosea kwa watu bila kuambiwa kakosea wapi, hiyo ni pumziko. Halafu kuna ukimya. Nyoka habweki, halii, hagongi bakuli. Umeandika kwamba hukaa dakika ishirini na taa kubwa imezimwa kabla ya kuongea na mumeo. Huhitaji nikueleze.

Usije tu ukaanza kuwahesabu wanachama wenu ukisema huyu naye anao, yule naye. Kupenda nyoka sana si usonji, na wapo wenye usonji ambao, kama mimi, hupiga kelele wakimwona mjusi wa ukutani.

Lipo jingine ninalotaka usome kikaoni ukipata nafasi. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanazuoni wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili. Tumezoea kusema mwenye usonji hawezi kusoma hisia za wenzake. Milton akauliza: na hao wenzake, wanamsoma yeye? Angalia chama chenu. Watu ishirini na wachache walimtazama kijana aliyeona mnyama anaumia na hakuweza kunyamaza, wakasoma kiburi. Mwenyekiti alimtazama mtu anayeomba kuelekezwa, akasoma dharau. Hayo ni makosa mawili ya kusoma uso, na hakuna aliyeandikiwa hoja ya kuondolewa.

Mzee. Siri ni yake, usiitoe. Lakini nenda kwake, kabla ya kikao, na uende mapema ili asione umemtega. Mwambie hivi: kikao kinakwenda kumhukumu kijana kwa aliyoyasema juu ya mnyama wako, mimi najua yalikuwa kweli, na siwezi kuandika kumbukumbu za kikao hicho nikiwa najua. Kama hataki kusema, wewe mwambie utajiuzulu kuandika hoja hiyo bila kutaja sababu. Kwa mtu aliyefundisha nusu ya chama, nadhani atasema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye hakuficha kwa daktari, kawaficha ninyi tu. Aibu yake ni ndogo kuliko anavyodhani. Mfugaji wa miaka 25 akisimama na kusema "taa yangu iliwaka nikadhani inatosha", kesho yake wanachama kumi watakwenda kuangalia tarehe kwenye taa zao. Wafugaji wangu wawili, walipoacha kubishana, walikubaliana kwamba huko ndiko wanyama wengi wanakopotelea: si kwa wasiojali, kwa waliozoea.

Wengine kwenye chama watakuja na wazo la kumpa kijana kazi: awe mkaguzi wa taa, asimamie karantini ya wanyama wapya. Ni wazo zuri na lina mtego. Mwulizeni kwanza. Mtu mwenye kipaji cha namna hii hugeuzwa haraka kuwa kitabu cha chama, anafunguliwa wakati wa shida na kufungwa wakati wa chai. Akikubali kazi, na awe na kiti kwenye chai pia.

Sasa wewe.

Barua haipimi usonji, wala kurasa ulizosoma usiku hazipimi. Anayeweza kusema ni mtaalamu aliyefunzwa uchunguzi wa watu wazima, na atakuuliza sana habari za utotoni, kwa hiyo kama yupo aliyekulea, ongea naye kabla. Miaka 44 si kuchelewa. Chris Packham, mtangazaji wa vipindi vya wanyama wa Uingereza, alipata jibu lake akiwa amepita arobaini, naye ameeleza hadharani jinsi wanyama walivyokuwa kila kitu chake tangu mtoto. Wanawake hasa hupitwa, kwa sababu wengi wamejifunza kufunika mapema. Angalia ulivyofunika wewe: umekuwa katibu. Katibu ana kiti chake, ana kalamu, anaangalia karatasi badala ya macho ya watu, na zamu yake ya kusema imeandikwa kwenye ajenda. Sijui kama umewahi kuliona hivyo. Ni ujanja mzuri, lakini una gharama, na dakika zako ishirini za giza ni sehemu ya malipo.

Kama unataka uchunguzi, fanya kwa ajili yako. Huna deni la kukitangazia kikao matokeo ili kumwokoa kijana. Kanuni iliyoandikwa vizuri itamwokoa bila wewe kujivua gamba mbele ya watu ishirini.

Lililonitia wasiwasi zaidi katika barua yako uliliweka mwishoni, kwa mistari miwili: daftari halijaandikwa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha utafiti juu ya watu wazima wenye usonji na mambo wanayoyapenda kwa kina. Kuwa na upendo huo kulikwenda pamoja na maisha ya kuridhisha zaidi. Lakini kwa wale ambao ulikuwa umezidi sana ukali, hali ya maisha ilikuwa chini. Kwa hiyo upendo ni dawa na una kipimo chake. Nao hauzidi tu, huweza pia kuzima. Mtu anayejifunika miaka mingi huchoka siku moja kwa uchovu ambao usingizi hauumalizi, na kile kilichokuwa kinampumzisha kinakuwa mzigo. Anayependa treni au stempu akifika hapo anafunga kabati. Wewe una roho 14. Na hao hawana maisha mafupi: mwaka 2020 kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu wa aina yako aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 62 alitaga mayai saba, na hakuwa amekaa na dume kwa angalau miaka 15. Ukifanya hesabu, baadhi ya chatu wako wanaweza kukukuta mzee.

Kwa hiyo andika leo, kwenye karatasi na si kichwani, nani ana ufunguo wa chumba chako, nani anajua themostati ziwe kwenye ngapi, nani atawalisha ukishindwa mwezi mzima. Mwonyeshe mumeo. Wala usiongeze wa 15 mpaka daftari lirudi kuandikwa kwa hamu. Nilimwuliza mfugaji wangu anajuaje kwamba wanyama wamezidi. Akasema: "Siku nikifungua mlango nikaona vizimba kabla ya kuona nyoka."

Limebaki lile jina, Themostati. Waliolianzisha walikuwa wanacheka, hilo umelisema bila kulisema. Lakini hujui yeye analisikiaje. Nimeambiwa themostati ndicho kifaa kinachomzuia mnyama asiungue na asigande, na kwamba mfugaji wa kweli akipunguziwa vifaa ndicho anachokisihi kibaki. Huenda kijana anadhani mlimpa cheo. Huenda anajua mnamcheka na anaitika kwa kuwa ni afadhali kuliko kutoitwa. Njia ya kujua ni ile ile aliyoitumia kwa mwenyekiti: mwulize wazi, mkiwa wawili, "Jina hili unalipenda au tuliache?" Atakachosema, kiwe hivyo.

Na yule chatu wa wiki tisa, mpime uzito usiku huu kabla ya kulala. Nimeelezwa kwamba aina hiyo inaweza kugoma kula kwa miezi bila kudhurika, na kwamba gramu zinasema kweli kuliko sahani ya panya: zikishikilia palipokuwa, subiri, zikishuka, mpeleke kwa yule daktari asiyetetemeka. Andika namba hiyo daftarini hata kama ndiyo namba pekee utakayoandika wiki hii. Ukiwa na maswali zaidi ya hapo usiniulize mimi. Mpigie kijana, ila mwambie mwanzoni kabisa una dakika ngapi.